Nilivyourudisha mguu ngomani baada ya kuteguka mara mbili

Kifundo changu cha mguu wa kulia kiliteguka mara mbili ndani ya siku kumi na moja, hapa hapa Bagamoyo, kwenye mazoezi ya ngoma ya sindimba. Mara ya kwanza ilikuwa ajali: nilitua kwa ncha za vidole kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga, wayo ukapindukia ndani. Mara ya pili ilitokana na ushauri ambao niliufuata sehemu yake ya mwisho, na unaniudhi mpaka leo kwa sababu naendelea kuusikia ukitolewa kwa wacheza ngoma wenzangu: kanda maji ya moto, pumzika wiki, maumivu yakiisha rudi uwanjani.

La kwanza kabisa ni kujua kama mfupa umevunjika. Kuna kanuni walizozitoa madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na huhitaji mashine kuzitumia. Kama huwezi kupiga hatua 4, hata za kuchechemea, nenda ukapigwe eksirei. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa jicho la mguu, la nje na la ndani, kuanzia ncha kupanda sentimita 6. Kama mfupa wenyewe unauma, nenda. Bonyeza kinundu kilicho katikati ya ukingo wa nje wa wayo, kisha mfupa ulio juu ya upinde wa wayo upande wa ndani. Hapo pia ni hivyo hivyo. Mimi naongeza moja kwa wacheza ngoma: pitisha kidole kwenye mfupa wote unaoelekea kidole kidogo, mpaka karibu na kidole chenyewe. Kutua vibaya kwa ncha za vidole huvunja hapo, na mtu hutembea siku kadhaa akidhani ameteguka tu. Kwangu mfupa ulikuwa salama. Kilichouma ni mbele kidogo na chini ya jicho la nje, kwenye nyama laini, mahali penye ligamenti, ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, ambayo huchanika ya kwanza kifundo kikipinda.

Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa ameshabandika sufuria. "Mjukuu wangu, lete mguu nikukande." Nilimwamkia, nikamwomba anisamehe kwa siku hiyo. Sikuwa namdharau. Maji ya moto na kuchua vina wakati wake, lakini si siku mbili tatu za mwanzo. Mishipa midogo imepasuka na bado inavuja damu. Ukiipasha moto inatanuka na kuvuja zaidi, na ukiichua unachana upya kilichoanza kuganda. Anayeuvuta mguu ili "kurudisha mfupa" ni hatari kuliko wote, maana kwenye kuteguka kwa kawaida hakuna mfupa uliotoka.

Barafu nilitumia zile za mifuko zinazouzwa majumbani, nazivunja kwa mchi, nazifunga kwenye kipande cha kanga kilicholowana. Dakika 15, kisha napumzika saa mbili. Usiiweke juu ya ngozi tupu, inaunguza kama moto. Na usiitegemee kupita kiasi. Daktari wa Marekani aliyeieneza kanuni ya kupumzika na barafu mwaka 1978, Gabe Mirkin, mwenyewe alikuja kuandika mwaka 2014 kwamba barafu huenda ikachelewesha kupona. Inatuliza maumivu, basi. Kazi kubwa ya kuzuia uvimbe inafanywa na kufunga na kuinua.

Kuhusu kufunga nina ujanja ninaouonea fahari. Ukizungushia bandeji ya kuvutika kwenye kifundo, inakaza pale mfupa ulipotokeza tu. Yale mabonde yanayozunguka jicho la mguu yanabaki wazi, na ndimo uvimbe unamojaa. Kinachotakiwa ni pedi yenye umbo la herufi U. Nilianza kwa kukata ndala kuukuu. Haikufaa: ni ngumu, jioni ngozi ilikuwa nyekundu. Nikakata sponji ya godoro, unene kama sentimita moja na nusu, mikono ya U upana wa vidole viwili. Unaiweka tumbo lake likae chini ya jicho la nje na mdomo wake uelekee juu, ili maji ya uvimbe yasukumwe kupanda mguuni. Juu yake bandeji: unaanza kwenye mzizi wa vidole vya mguu, unapanda kwa umbo la nane, kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia, chini umekaza zaidi kuliko juu. Ukianzia kwenye kifundo, wayo wote utavimba kama andazi. Acha vidole wazi, bonyeza ukucha. Wekundu usiporudi ndani ya sekunde mbili, fungua ufunge upya. Usiku nililegeza bandeji, nikalala mguu ukiwa juu ya mito miwili na mkeka uliokunjwa, juu kuliko kifua.

Uvimbe niliupima kwa futi ya fundi cherehani, niliizungusha umbo la nane kwenye kifundo na wayo kila asubuhi, sehemu zile zile. Macho yanadanganya, futi haidanganyi. Siku ya nne ilikuwa imepungua sentimita mbili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Siku ya tisa mguu karibu hauumi, tuna onyesho siku ya kumi na moja, na mtu ninayemheshimu katika ngoma akaniambia ninywe diklofenaki, dawa ya maumivu, nikaze bandeji, niingie. Nilimeza, nikakaza. Dakika kumi za mwanzo nilijiona mzima. Nilichuchumaa, nikainuka, nikatikisa, hamna kitu. Kisha mpiga ngoma akabadilisha mdundo, nikaruka kugeuka, nikatua kwa vidole kama siku ile ya kwanza. Niliusikia mguu unakwenda ndani na sikuweza kuuzuia. Hili nataka lieleweke vizuri: sikuteleza, na sakafu ilikuwa imefagiwa. Mguu ulichelewa.

Ulichelewa kwa sababu ligamenti si kamba tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayouambia mwili kifundo kimeinama kiasi gani. Ikichanika, taarifa hiyo inafika kwa kuchelewa, na misuli ya upande wa nje wa muundi, ambayo kazi yake ni kuuvuta wayo urudi nje, inashtuka wakati mguu umeshapinda. Ongeza na umbo la mfupa. Mfupa wa kifundo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Ukisimama wayo mzima unabana vizuri kati ya mifupa miwili ya muundi, lakini ukichuchumia kwa vidole sehemu nyembamba ndiyo inayoingia hapo, na kiungo kinalegea. Mcheza ngoma anatua katika hali hiyo mara mia kwa jioni moja. Dawa ilikuwa imeondoa maumivu, yale ambayo yangeniambia nisiruke. Hayo ya misuli kuchelewa haikuyagusa.

Safari ya pili nilianza upya na nilikwenda wiki nane. Siku ya tatu niliandika herufi A hadi Z hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku. Nilitembea na fimbo, nikikanyaga kisigino kwanza, maana kulala kitandani wiki mbili kunadhoofisha shavu la mguu na ligamenti yenyewe inahitaji kuvutwa kidogo kidogo ili nyuzi mpya zijipange.

Wiki ya pili niliingia kwenye tyubu. Fundi baiskeli alinipa kuukuu bure. Nikaipasua kwa urefu nikapata utepe wa sentimita tatu hivi. Ya pikipiki usihangaike nayo, ni nzito mno. Kaa kwenye mkeka, miguu umeinyoosha, funga ncha moja kwenye tendegu la kitanda upande wa mguu mzima, nyingine uzungushie wayo wa mguu mgonjwa. Sukuma wayo nje kwa hesabu moja, urudishe polepole kwa hesabu tatu, mara 15, seti 3. Kosa la karibu kila mtu ni kuugeuza mguu wote kutoka nyongani: goti linacheza, kifundo hakifanyi kazi. Weka kiganja juu ya goti. Likisogea, hiyo haihesabiwi.

Kila nilipopiga mswaki nilisimama kwa mguu mmoja. Macho wazi sekunde 30, nikifaulu nafumba macho. Siku ya kwanza kwa macho yaliyofumbwa mguu wa kulia ulidumu sekunde 4, wa kushoto 25. Nilipoona tofauti hiyo niliacha kubishana na watu walioniambia nimepona. Baadaye nilisimama hivyo hivyo nikidaka ndimu aliyonirushia mdogo wangu, kulia, kushoto, chini.

Kipimo kingine ni cha ukuta. Weka wayo ukielekea ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, kisha rudi nyuma kidogo kidogo. Mguu wangu mzima uligusa nikiwa sentimita 11 kutoka ukutani, mgonjwa 4. Kwa anayecheza sindimba, magoti yamekunjwa muda wote, upungufu huo maana yake kisigino kitainuka au goti litaangukia ndani, na utahamishia jeraha gotini. Hapa ndipo nilipomruhusu Bibi na maji yake ya moto: dakika kumi kabla ya kunyoosha, wiki ya tatu na kuendelea. Alifurahi, na ilisaidia.

Ufukweni nilikwenda maji yakiwa yamekupwa, juu ya mchanga mbichi mgumu. Mchanga mkavu laini niliuacha mpaka wiki ya sita, kwa kuwa unabonyea usikotarajia. Angalia pia mteremko. Ukienda upande wa Kaole, kusini mwa mji, bahari iko kushoto, na ukingo wa ndani wa wayo wa kulia ndio unaoshuka, hali salama kwa jeraha la nje. Ukirudi bahari iko kulia, ukingo wa nje wa wayo unashuka, pale pale panapotegua. Kwa hiyo nilirudi kwa njia ya juu, kwenye bapa.

Kabla ya kurudi uwanjani nilijiwekea masharti. Kuchuchumia kwa vidole vya mguu mmoja mara 25 kama ule mwingine. Kuruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, umbali usipungue sehemu tisa kati ya kumi za mguu mzima. Kuruka kando juu ya kanga iliyosokotwa, mara 20, na kutua kimya. Ukisikia kishindo, kifundo na goti havijanyonya uzito. Na asubuhi inayofuata futi isionyeshe ongezeko.

Mazoezini nilicheza dakika 10 peku bila kuruka, nikaongeza tano tano. Njuga zilikuwa za mwisho. Watu huzifunga chini, juu ya kifundo chenyewe, zisishuke. Uzito huo unaning'inia pale pale penye udhaifu na kamba inakaba kano. Mimi nazifunga kiganja kimoja juu ya jicho la mguu, juu ya kitambaa, na kwa mwezi wa kwanza nilivaa nusu ya idadi. Chini yake nilivaa kifungio cha kifundo chenye kamba nilichokiokota mtumbani kwa elfu tatu au nne. Plasta ya kunata kwa jasho la pwani haimalizi wimbo mmoja. Tyubu bado imefungwa kwenye tendegu, naifanya mara tatu kwa wiki, miguu yote miwili.