Siku moja na mkaguzi wa nyumba Arusha: chumba kilichokosa ufunguo

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi wa saba Arusha maji ya bomba yanauma vidole. Najaribu tochi zote mbili, napanga mkoba: futi, pima maji, timazi, tesita, multimita, patasi ndogo, nyundo, barakoa, ovaroli ya akiba, na gololi moja ya kioo niliyoiazima kwa mwanangu wa mwisho kwa ahadi kwamba nitairudisha jioni. Ngazi ya kukunja naifunga nyuma ya pikipiki.

Kazi yangu ni kukagua nyumba kabla mtu hajainunua. Nikijitambulisha hivyo, wengi wanadhani mimi ni dalali, au mthamini wa benki, au nimetumwa na halmashauri kutafuta makosa. Mthamini anakuambia nyumba ina thamani ya shilingi ngapi. Ofisi ya ardhi inakuambia kiwanja ni cha nani, na huko usiache kwenda hata kama muuzaji ni ndugu yako. Mimi nakuambia nyumba yenyewe inaumwa nini. Nimekuwa fundi mwashi miaka 11 kabla sijarudi darasani kusomea ujenzi, na katika miaka hiyo nimeziba nyufa nyingi za nyumba zilizokuwa zinasubiri mnunuzi. Mwenye nyumba anakuambia "fundi, ziba, paka rangi", nawe una watoto wanaosubiri chakula, unaziba. Ninajua ufa unafichwaje kwa sababu mikono hii imeuficha. Deni hilo nalilipa sasa, nyumba moja baada ya nyingine.

Saa 1:15 asubuhi. Sakina, kuhakiki waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, niliosema urudiwe wiki iliyopita. Umerudiwa vizuri. Dakika 20, nimeondoka.

Saa 2:40. Moshono. Mnunuzi wangu wa leo ananisubiri getini, kitenge juu ya sweta, mkoba ameukumbatia kifuani. Ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu mwaka jana.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai lakini?"

Nyumba inauzwa milioni 78, na hela hiyo ni kiinua mgongo chake pamoja na ng'ombe watatu aliouza kijijini. Amekuwa akipanga tangu mumewe afariki. Anataka awe karibu na kanisa na hospitali, na wajukuu wakija likizo wapate pa kulala. Kuna wanaosema laki mbili ninayotoza kwa ukaguzi ni ghali. Nawaambia: huyu mama alifundisha maisha yake yote ili apate hela hii, na haitapatikana mara ya pili.

Kwa macho ya haraka nyumba inavutia kweli. Vyumba vinne, mabati ya msauzi, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, marumaru zinazong'aa mpaka unajiona. Harufu ya rangi mbichi imejaa sebuleni. Mimi harufu hiyo hainifurahishi. Masika yameisha mwezi wa tano, rangi imepakwa mwezi wa sita, na nyumba imetangazwa mwezi wa saba.

Dalali, kijana mwenye simu mbili, ananisalimia huku anaangalia saa. "Fundi, fanya chapchap. Kuna mteja wa Dar anakuja saa 6, hela anayo mkononi." Kila nyumba ninayokagua ina mteja wa Dar.

Naanza nje siku zote. Upande wa juu, unaotazama Mlima Meru, paving imeinuliwa mpaka imepita karatasi nzito ya kuzuia unyevu, ile mafundi tunaiita dipisii. Karatasi hiyo inatakiwa ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi. Ukiifukia, unyevu unapata njia ya kupanda ukutani. Nakwangua chini ya rangi kwa ukucha, plasta inadondoka kama chumvi. Napiga picha, naandika, naendelea.

Saa 4 na dakika chache naingia darini.

Hapa ndipo mtu angeielewa kazi yangu kama angenifuata. Tundu ni la futi mbili kwa mbili. Unajivuta kwa viwiko, unakanyaga juu ya mbao tu, maana ukiteleza mguu unatokea sebuleni kwa watu. Vumbi, kinyesi cha popo, na ingawa nje watu wamevaa majaketi, chini ya bati jua likishatoka unaloa jasho. Lakini kule juu nyumba haisemi uongo. Fundi rangi anaishia sebuleni, juu ya dari hapandi. Chini jipsamu ni nyeupe kama maziwa, juu yake kuna miduara ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, kila mduara ni mvua yake. Nimehesabu sehemu tano, zote chini ya maungio ya kofia ya bati.

Mbao za kenchi, zinazobeba bati, ni za kijani, kwa hiyo muuzaji anasema zina dawa ya wadudu. Natoa patasi, nachonga kidogo kwenye ncha ya moja. Ukijani umeishia kwenye ngozi, ndani ni nyeupe kabisa. Mbao iliyosukumiwa dawa kwa mashine inakuwa na rangi iliyoingia ndani milimita kadhaa. Hii imepakwa rangi tu. Kwenye mbao mbili tayari kuna vitobo kama vya sindano, na chini yake unga laini unaobaki kwenye kidole.

Halafu waya wa shawa ya maji moto. Arusha kwenye baridi hii kila nyumba ina shawa ya umeme, na wanunuzi wanaiwasha, wanaona maji yana moto, wanaridhika. Shawa hii imeandikwa wati 5,500. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta kama ampea 24. Inataka waya mnene, wa milimita 4 kwenda juu, wenye laini yake peke yake. Hii imeungwa kwenye waya wa taa, wa milimita 1.5. Ganda lake limekauka, limekuwa kahawia, nikilikunja linakatika kama ganda la karanga. Zamani sakiti breka ilikuwa ikikata umeme ukizidi, kama ilivyo kazi yake, ndipo mtu akaja akafunga kubwa ya ampea 32 ili isikate tena. Sasa breka inatulia na waya unaungua, juu ya mbao kavu. Nimekaa pale juu kidogo nikaitazama. Moto wa namna hii ukitokea usiku tunasikia tu "hitilafu ya umeme", basi.

Nimeshuka mweusi uso mzima. Mwalimu akanipa leso yake.

Saa 5:30. Chumba cha nne kimefungwa.

"Hicho ni stoo tu," dalali akasema.

"Tangazo lako linasema vyumba vinne."

"Ufunguo anao mwenyewe, yuko Moshi. Fundi, ukiona vitatu si umeona vyote? Vimejengwa na fundi mmoja."

Nikamwambia kwa upole kwamba nitasubiri. Akacheka. Akampigia mtu, akaongea akiwa mbali, akarudi akasema mwenye nyumba yuko kwenye kikao. Nikamwambia nitasubiri kikao kiishe. Akaanza kupandisha sauti: mimi nawaharibia watu biashara, mimi nimetumwa na dalali mwingine, nyumba ngapi Arusha zimenunuliwa bila mtu kuparamia dari kama nyani. Hilo nililimeza. Kilichoniuma ni alipomvuta Mwalimu pembeni. Niliwaona wananong'ona chini ya mparachichi, mama wa watu anaitikia kwa kichwa, kisha akaja kwangu taratibu.

"Mwanangu, hivi tukiacha hicho kimoja? Naogopa yule wa Dar."

"Mwalimu, mtoto akikuletea daftari lenye ukurasa mmoja umegundishwa, unasahihisha bila kuufungua?"

Akanitazama kwa muda. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa. "Tunasubiri," akamwambia dalali.

Tumesubiri saa mbili na zaidi. Wanaodhani kazi hii ni tochi na ngazi, nusu yake ni hii: kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa huku mtu anayekuchukia anapita mbele yako anapiga simu. Sikukaa bure. Nilifuata chemba za maji machafu kutoka bafuni. Zote zinaelekea nyuma, kwenye shimo jipya lenye mfuniko mpya wa zege. Vizuri. Lakini kwenye ukuta wa nje wa hicho chumba cha nne, chini kabisa, nyuma ya maua, nikaona kipande cha bomba la inchi nne kimekatwa kwa msumeno, kimezibwa kwa saruji na kupakwa rangi ileile ya ukuta. Bomba hilo haliendi kwenye shimo jipya. Linaingia chini ya chumba. Nikaligusa, nikainuka, sikusema neno.

Katika kusubiri huko Mwalimu alinionyesha kisima cha uani. Hicho ndicho kilichomvutia kuliko vyote, maji ya kwake mwenyewe. Nikamwonyesha meno yangu. Nimezaliwa Arumeru, yana madoa ya kahawia tangu utotoni, na kila mtu wa huku anajua ni maji. Miamba ya volkeno ya Meru inaacha floraidi nyingi kwenye maji ya sehemu nyingi za hapa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Kuna kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe kinachosaidia, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekifanyia kazi miaka mingi, lakini kwanza ujue kiasi kilichomo. Nikajaza chupa safi ya kupeleka maabara. Mwalimu akasema darasani kwake alikuwa na watoto wenye meno kama yangu na walikuwa wakificha mdomo wakicheka.

Saa 8 kasoro ufunguo ukafika kwa bodaboda. Nikamuuliza yule kijana ametoka nao wapi. "Kijenge hapo," akasema.

Chumba kilikuwa na zulia ukuta kwa ukuta. Vyumba vingine vyote vina marumaru wazi. Kitanda kikubwa kimesukumwa kwenye kona ya mbali. Nikaomba tukunje zulia. Dalali akasema zulia si sehemu ya nyumba. Mwalimu mwenyewe akainama akashika ncha moja, na miaka yake ile 61, ikabidi dalali ashike ya pili.

Nikatoa gololi nikaiweka katikati ya sakafu. Ilitulia kidogo kama inayofikiri. Kisha ikaanza kwenda, polepole, halafu kasi, ikielekea kona ya kitanda. Niliitegemea igonge skatingi, ule ukingo wa chini ya ukuta. Haikugonga. Ilipita chini yake na kupotea. Tukasikia mlio mdogo, kimya, kisha mlio mwingine kutoka chini, mbali.

Hakuna aliyesema kitu. Nikasogeza kitanda. Sakafu imeshuka sentimita tatu kutoka ukutani, skatingi imebaki inaning'inia hewani. Nikagonga kwa mpini wa nyundo kuanzia mlangoni: ko, ko, ko, zege imara. Karibu na kona sauti ikabadilika, ikawa kama unagonga pipa tupu. Nikamulika kwenye upenyo, tochi haikufika mwisho. Harufu iliyopanda mnaijua.

Nyumba ilipanuliwa. Chumba cha nne kimejengwa juu ya shimo la zamani la choo, likajazwa kifusi bila kushindiliwa, zege ikamwagwa juu bila boriti ya kuibeba. Kila masika maji yanapenya, kifusi kinashuka, sakafu inabaki imening'inia mpaka siku itakapochoka. Kwa ufa wa sentimita tatu sijui kama siku hiyo iko mbali.

Mwalimu alikuwa bado mlangoni, mguu mmoja ndani. Akaurudisha nje.

"Humu ndimo wangelala wajukuu," akasema.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nilikula makande ya baridi kwa mama ntilie nikiwa nimesimama. Nilipeleka maji maabara. Nyumba ya Olasiti niliiomba iwe kesho, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa na mtu aliyechoka hupita mbele ya ufa asiuone. Usiku nimeandika ripoti, kurasa 14, picha 63, kila kasoro na gharama ya kuirekebisha, bila maneno ya kuogofya na bila kupunguza kitu. Mgongo unawaka.

Saa 3 hivi usiku Mwalimu akapiga. Dalali amemwambia bei imeshuka kwa milioni 12 na mteja wa Dar ameahirisha safari. Nikaanza kumweleza kuvunja ile sakafu na kufukua shimo kunahitaji nini, akanikatisha.

"Nimeshamwambia hapana. Nimekupigia unipangie Jumamosi, kuna nyingine Ngaramtoni."

Mwanangu alikuwa hajalala, ananisubiri na mkono wake wazi. Nilimweleza ilipo gololi yake. Aliuliza kama anaweza kwenda kuichukua, nikamwambia hapana, pale mtu haingii. Kesho nitamnunulia mbili, moja ya kwake, na nyingine nitamwomba kabla ya Jumamosi.