Kuku wa kulelewa na watoto huku mlimani

Mvua zikianza kupungua mwishoni mwa mwaka, akina mama wenzangu wa hapa Kapchorwa, Uganda, huanza kunisimamisha njiani: mama, mwaka huu ninunue kuku gani? Karibu wote wanakuja na hesabu ya mayai mdomoni. Mimi huwauliza kwanza nani atawafungulia asubuhi na kuwafungia jioni. Nyumba nyingi huku kwetu kazi hiyo ni ya mtoto. Basi tafuta kuku ambaye mtoto wa miaka saba anaweza kumbeba kwapani bila kuparuliwa, na ambaye baridi ya huku haimwangushi. Mayai tuyazungumze baadaye.

Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Elgon. Theluji hatuna, lakini tuna ukungu, mvua za mfululizo na upepo wa usiku unaopenya kila mwanya wa ubao. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, na kinacholilinda joto hilo ni manyoya makavu. Kwa hiyo ukifika sokoni tazama wingi wa manyoya kabla ya rangi yake. Kuku kishingo, yule wa shingo tupu, ni mkakamavu na nyama yake naipenda, ila ana manyoya machache mwili mzima, si shingoni tu. Dada yangu anawafuga Soroti kwenye joto na wanamfaa sana. Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyojikunja kwenda juu, upepo unamfikia mpaka kwenye ngozi. Hao wawili huku juu siwashauri.

Wenzetu wa nchi za theluji huangalia pia upanga wa kichwani, kwa sababu ukiwa mrefu huganda na ncha zake zikafa. Ndiyo maana huko Quebec, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20 walitengeneza kuku aitwaye Chantecler, mwenye upanga mdogo na ndevu ndogo. Sisi hilo lisitusumbue. Angalia manyoya, uzito na tabia.

Kijana wa duka la dawa za mifugo alinikazania: "Mama, chukua leyas, kuku wa kisasa wa mayai, hao ni yai karibu kila siku." Nikamwambia, "Mwanangu, mayai wanayo kweli, lakini wanataka mashi, chakula cha dukani, kila siku bila kukosa. Mimi nataka kuku wa kushinda migombani." Leyas wa kahawia ni wapole, sikatai. Wale weupe wepesi wa jamii ya Leghorn ndio wenye wasiwasi: mtoto akidondosha sufuria, banda zima linaruka. Kuku wa namna hiyo hata akiumwa hutamjua, maana hashikiki.

Kwa nyumba inayoanza, jibu langu ni Kuroiler. Asili yake ni India, kwenye kampuni ya Kegg Farms, na karibu mwaka 2010 akaanza kujaribiwa kwa wakulima wa hapa Uganda. Anajitafutia chakula kama kienyeji, lakini anakua upesi, ana mwili mkubwa na mayai yake ni mengi kuliko ya kienyeji. Uzito wake unasaidia baridi, na unamzuia kuruka ua kwenda kuchimbua viazi vya jirani. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida haatamii. Ndiyo maana lazima uwe na koo wa kienyeji wa kumwekea mayai. Huyo atakaa siku zote 21 na kuwalea vifaranga mwenyewe.

Ninaye Kuroiler mmoja wa madoadoa, watoto wamempa jina Shangazi. Kitinda mimba wangu akikaa kwenye ngazi kupukuchua mahindi, Shangazi anampandia mapajani, anageuka mara mbili, anakunja miguu na kulala. Ukiingiza vidole chini ya bawa lake unaona vinapata joto. Siku moja mtoto akaniita: "Mama, Shangazi anakoroma." Alikuwa amemweka kifuani, akasikia pumzi inakwaruza kooni. Pua ilikuwa bado kavu, macho hayajavimba, mimi nisingejua kitu. Tulimtenga jioni ile ile, na wenzake hawakuambukizwa. Hapo ndipo ilipo faida ya kuku mpole, na watu hawaihesabu. Kuku anayeshikika unajua uzito wake ukipungua, unaona utitiri chini ya manyoya, unaona kidonda cha mguu kabla hajaanza kuchechemea.

Rhode Island Red ni mzuri pia, mvumilivu, mtetea wake anataga vizuri hata hali ya hewa ikiwa mbaya. Wa kuangaliwa ni jogoo wake, wengine ni wakali. Ukibahatika kumpata Australorp safi, yule mweusi anayeng'aa kijani juani, usimwache. Huyo alipatikana Australia kutokana na Orpington wa Uingereza, na miaka ya 1922 na 1923 mitetea sita wa aina hiyo walitaga wastani wa mayai 309 hivi kila mmoja kwa siku 365. Orpington mwenyewe, aliyeanzishwa na William Cook kule Kent mwaka 1886, ana manyoya mengi laini na upole unaomfaa mtoto, tena anapenda kuatamia. Huku kwetu ni adimu.

Watoto wakiona picha ya Brahma, mwenye manyoya mpaka vidoleni, wanamlilia. Wanasema ni kuku wa baridi, na ni kweli, kwenye baridi kavu. Kwenye tope letu yale manyoya ya miguu yanabeba udongo, hayakauki, na ndege analala na vidole vimelowa. Mimi simchukui.

Tabia inapimwa pale pale kwa muuzaji. Nachuchumaa, naweka punje za mahindi kiganjani, natulia. Tembe anayekuja, akarudi nyuma, akaja tena, huyo nampenda. Anayejibamiza ukutani namwacha. Kwa jogoo nakuwa mkali zaidi. Jogoo anayemwendea mtoto ubavu-ubavu, bawa moja limeshuka, huyo anataka kupigana, na kipi cha jogoo kiko karibu sana na jicho la mtoto aliyeinama. Hata awe mzuri vipi, anaishia kwenye sufuria.

Halafu banda. Kuku mkavu anaivumilia baridi yetu. Kuku aliyelowa haivumilii. Ziba upepo kuanzia chini mpaka juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, kisha acha nafasi wazi chini ya bati ili unyevu utoke. Chini tandaza maganda makavu ya kahawa au maranda, na pakilowa badilisha, kwa sababu unyevu ndio unaoleta kokisidia, ugonjwa wa kuhara damu, na harufu kali inayochoma mapafu. Ubao wa kulalia uwe bapa, upana wa sentimita tano hivi, ili kuku afunike vidole vyake kwa tumbo. Jioni wape konzi ya mahindi. Na chanjo ya kideri usiiruke; kideri hakichagui aina.

Vifaranga wasiokuwa na mama wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Ukitumia sigiri, yaani jiko la mkaa, mkaa uwake kabisa nje kwanza, na tundu la hewa la banda lisizibwe hata usiku uwe wa baridi kiasi gani. Ukichelewa kununua mpaka Aprili, utakuwa unapambana na mvua na baridi huku wao bado wana malaika tu mwilini.

Kwa hiyo mama, ukiniuliza leo, chukua Kuroiler majike sita, koo wa kienyeji wawili, na jogoo mmoja uliyempima mwenyewe. Wachukue kabla ya Januari kwisha. Mimi wangu nimeshaagiza Mbale, wanapanda na teksi ya asubuhi baada ya Krismasi, na maganda ya kahawa nimeanza kuyaanika.