Namna tulivyotia taa chini ya daraja la reli mtaani kwetu

Kusini mwa London treni hupita juu ya vichwa vyetu. Reli ya kutoka stesheni ya London Bridge hadi Greenwich, ambayo kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1836, ilijengwa juu ya matao 878 ya matofali, na miaka iliyofuata ikapanuliwa ili njia zaidi zipite. Ndiyo maana barabara nyingi za Bermondsey na Deptford zina kipande cha giza chini ya matao ambacho huwezi kukikwepa ukitaka kwenda dukani au kituo cha basi. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, na daraja ninalolizungumzia liko karibu na ninapokaa. Ndugu na marafiki wa Dar na Nairobi waliona picha zake, wakaniuliza ruhusa ilipatikanaje na taa zile zinafanyaje kazi. Nawajibu hapa kwa pamoja.

Wazo halikuwa langu. Chama cha wakazi kilikuwa kimeshaomba taa mara nyingi, na kila mara tukapewa ile taa moja nyeupe, kali, inayomulika lami na kumwacha mtu gizani. Msanii mmoja kijana wa mtaani ndiye aliyesema kwamba tukiomba kazi ya sanaa tutapata macho na masikio ya watu wengi zaidi. Alikuwa na mifano mizuri. Kule Birmingham, jimbo la Alabama, mchongaji Bill FitzGibbons alitia taa za LED za rangi chini ya reli katika barabara ya 18 mwaka 2013, akaiita kazi hiyo LightRails. Reli inaukata mji ule pande mbili, na njia ile ndiyo inayounganisha katikati ya mji na bustani ya Railroad Park. Watu waliokuwa wakipita pale mbiombio sasa huenda kupiga picha za harusi. Na huku kwetu Uingereza, mjini Leeds, Hans Peter Kuhn aliubadilisha mtaa wa Neville, unaopita chini ya stesheni kuu, kwa taa na sauti mwaka 2009. Mifano hii miwili ilitusaidia kuliko hoja yoyote, kwa sababu afisa wa kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, akiona kitu kimeshafanyika mahali pengine haoni tena kwamba unamletea ndoto.

Lakini kikao kilichoamua sura ya mradi kilikuwa cha jirani zetu wenyewe. Nilifungua kompyuta nikaonyesha rangi: zambarau, buluu, waridi. Mama mmoja wa Bukavu, anayesafisha ofisi mjini na kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Papa, marangi ni muzuri. Lakini miye niko nataka kuona sura ya mutu mbele hajanifikia." Nikaandika maneno hayo juu kabisa ya karatasi ya mradi, na kila uamuzi wa baadaye tuliupima kwa hayo. Wanaopita pale saa kumi alfajiri ni wasafishaji, wahudumu wa wazee na madereva wa mabasi. Hao hawaji kutazama sanaa, wanawahi shifti, lakini ndio wanaoiona mara nyingi kuliko sisi wote.

Kuhusu ruhusa, jambo la kwanza ni kujua nani ana nini. Barabara ni ya kaunsili, daraja ni la Network Rail, shirika linalomiliki reli, na vyumba vya biashara ndani ya matao vina wapangaji wao. Ukimwandikia mmoja tu, umepoteza muda. Mwenye daraja ana masharti ambayo mwanzoni yanaonekana kama vikwazo, na ukiyaelewa unaona yana akili. Huruhusiwi kutoboa matofali hovyo. Huruhusiwi kuuziba ukuta, maana wahandisi lazima waje kuukagua na kuona nyufa. Hakuna kitu cha kuning'inia chini kiasi cha kuguswa na lori refu. Na mwanga wako usimwagike kwenda juu relini, hasa mwekundu na wa kijani, kwa sababu dereva wa treni anasoma rangi hizohizo kwenye ishara zake.

Halafu kuna popo. Wengi hucheka nikiwaambia, lakini Uingereza popo wote wanalindwa kisheria, na matao ya zamani ni makazi wanayoyapenda. Ilibidi mtaalamu aje kuchungulia kila mwanya kwa tochi kabla hatujaruhusiwa kufunga hata msumari. Hakukuta popo, ila alitushauri taa za mdomoni mwa daraja ziwe za rangi ya joto, yaani ya manjano kidogo, na zielekezwe chini, nasi tukamsikiliza.

Masharti hayo yote yalitupeleka kwenye muundo mmoja: fremu ya chuma iliyosimama yenyewe kando ya njia ya waenda kwa miguu, bila kugusa tao, na taa ndefu nyembamba zinazopiga ukuta kwa pembe, kuanzia chini kwenda juu, zikiishia kabla ya kufika mdomoni. Mwanga ukipita ukutani kwa ubavu namna hiyo, kila tofali linatoa kivuli chake. Unaona alama za chokaa, michirizi myeupe ya maji yaliyovuja miaka na miaka, masizi ya zama za makaa ya mawe. Ukuta ambao watu waliuita mchafu ukawa ndio kitu cha kutazama.

Kabla ya kununua chochote tuliazima taa tukafanya jaribio la usiku, na hapa nawasihi wote mnaofikiria kazi ya aina hii: fanyeni jaribio, na wawepo watu wa mtaani wenye rangi zote za ngozi. Tulisimama wawili wawili, tukitazamana kwa umbali wa mita 4, kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa taa za barabarani kujua kama sura inatambulika. Tukawasha buluu peke yake. Ukuta ulipendeza mno, lakini sura za sisi weusi zilipotea kabisa, yakabaki macho na kola ya shati. Nyekundu peke yake ikawa hivyohivyo. Tukaongeza taa nyeupe yenye joto, Kelvini 3000 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, ikitoka ubavuni kwa kimo cha kifua badala ya kutoka juu, na papo hapo niliona jirani yangu anatabasamu. Kuanzia usiku ule kanuni ikawa kwamba ile nyeupe haizimwi kamwe. Rangi ni za ukutani, nyeupe ni ya watu.

Sanaa yenyewe ni kazi ya yule kijana, na naipenda sana. Kwenye fremu kuna vihisi viwili vya mtikisiko, kimoja kila upande. Treni ikitoka Greenwich, ukuta wa mashariki unaanza kung'aa rangi ya kaharabu, kisha ukuta wa magharibi unapokea. Ikitoka London Bridge inakuwa kinyume chake. Watoto wameshajua, wanakimbia kusimama katikati wakisikia ngurumo. Mabadiliko tuliyafanya ya polepole, bila mwanga kuwakawaka hata kidogo, kwa ajili ya wenye kifafa.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba taa zinahitaji nguvu zaidi mchana. Ukitoka kwenye jua la Julai ukaingia chini ya daraja, jicho halijazoea, na mita za kwanza ni giza tupu. Usiku nje pia ni giza, hivyo mwanga mdogo unatosha. Kidhibiti chetu, yaani kifaa kinachoziongoza taa, kina kipimo cha mwanga wa nje na hupandisha au kushusha taa chenyewe.

Kwa mafundi wenzangu: nunueni taa za IP66, zisizoingiza vumbi wala maji, na vioo vya IK10, vinavyostahimili kupigwa. Maji ya chokaa yanayodondoka hula viungo vya nyaya haraka, kwa hiyo viungo vyote viko ndani ya masanduku yenye jeli, na masanduku yako mahali ambapo mtu mmoja mwenye ngazi fupi anafika. Msikubali mradi ambao lazima ufunge barabara ili kubadili taa moja.

Fedha zilitoka mfuko wa kaunsili wa miradi ya mitaa, na bili ya umeme wanailipa wao. Sisi wa chama tumechukua usafi. Vumbi la breki za treni hujaa kwenye vioo na kuupunguza mwanga, basi tunavifuta kwa zamu, na tulinunua taa za akiba mwanzoni kabisa, wakati fedha zilikuwepo. Ufunguo wa sanduku la kidhibiti ninao mimi na kijana yule. Sasa wakazi wa upande wa pili wa kituo wametuita tuangalie daraja lao, refu zaidi na lenye maji mengi zaidi, na tumeanza kwa kuwauliza ni nani anapita pale alfajiri.