Sahani zilitoka safi, nikashangilia mapema

Mwaka wa mwisho chuo nilipewa kazi ya kupima kemikali tulizotengeneza wenyewe maabara, tuone kama zinazuia ukungu. Nikachagua Aspergillus flavus, ule wa kijani kwenye mahindi unaotoa sumukuvu, maana ule sio wa kuchezea, Kenya mwaka 2004, hasa kule Makueni na Kitui, watu 125 walikufa sababu ya mahindi yenye hiyo sumu.

Kutengeneza kulikua raha bwana. Unapasha kemikali mbili, salisilaldehaidi na anilini, ndani ya ethanoli, ukipoza fuwele za njano zinashuka zenyewe, nikajiona mwanasayansi tayari.

Kupima sasa. Unayeyusha agari ya viazi (ile jeli ya kuoteshea ukungu), unasubiri ipoe mpaka kama nyuzi 45 hivi (ukizubaa inagandia kwenye chupa, ilinikuta mara mbili), unachanganya na dawa, yani ile kemikali yako, unamimina kwenye sahani ya maabara, katikati unaweka kipande cha ukungu cha milimita 5 alafu kila siku wewe na rula unapima umetambaa kiasi gani, na pembeni una sahani isiyo na dawa ya kulinganishia, yani hiyo ikifika milimita 80 na ya dawa ikaishia 20 basi umezuia asilimia 75.

Zangu za dawa zikatoka karibu tupu kabisa, ukungu haujatambaa! Nikapiga picha nikatupia kwenye grupu la darasa, wakaanza kuniita dokta.

Supavaiza akaangalia, akauliza kitu kimoja tu: "Hii isiyo na dawa uliiwekea DMSO?"

Sikuiweka. DMSO ndo tunayoyeyushia maana hizi kemikali maji haziyataki, na mimi kwenye sahani za dawa niliimimina kwa mkono wa ukarimu, karibu asilimia 5 ya agari, na ikizidi yenyewe tu inadumaza ukungu. Kwahiyo wiki nzima nilikua nasifia kiyeyushio.

Nikarudia, DMSO asilimia 1 sahani zote, hadi ile isiyo na dawa. Kemikali yangu ikazuia kama asilimia 30. Nikachukua na vile vipande vilivyoduwaa kwenye sahani za kwanza nikavihamishia kwenye agari mpya, siku ya tatu vimeota kijani, kumbe havikufa, vilisinzia tu.

Ripoti nikaandika hivyohivyo. Ila ile picha sijaifuta, na kwenye grupu bado wananiita dokta.