Nilifuata Nondo Isongole

Ukimwambia bodaboda wa Uyole, Mbeya, kwamba umetoka Iringa kutafuta nondo, atakupeleka duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nilipelekwa. Muuzaji akaniuliza, "Milimita kumi au kumi na mbili, kaka?" Nikamwambia namtaka mwenye mabawa, mwenye fuvu mgongoni. Akamtazama bodaboda, bodaboda akainamia tairi lake. Buku mbili ikaenda hivyo hivyo.

Kosta ya kwenda Isongole sitaielezea. Gesti nilitozwa elfu ishirini, ndoo ya maji ya moto ikalipiwa kando, na blanketi lilikuwa jepesi kama khanga. Baridi ya pale haina huruma.

Kesho yake nilimkuta mama mmoja akichimba viazi nyuma ya gesti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa nondo?"

Habari zilishafika. Akaendelea na jembe lake, na kabla sijapata la kujibu akaokota kitu udongoni: pupa (kiwavi anayegeuka kuwa nondo) ya kahawia, laini, inayong'aa, nene kama kidole gumba. Nilipoigusa ikatikisa mkia. "Hawa tunawatupia kuku," akasema. Nikamsihi asitupe. Kumbe kiwavi akishashiba majani ya viazi hushuka na kujizika ardhini, ndiyo maana jembe humkuta kabla ya mtu mwenye kamera.

Nondo mwenyewe alikuja usiku, kwenye balbu ya choo cha nje. Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Mabawa ya mbele meusi yenye madoa ya kahawia, kama gome la mti. Nilipomsogeza kwa karatasi akafunua ya nyuma: manjano, mikanda miwili myeusi. Tumbo nalo manjano na pete nyeusi. Hapo ndipo unapomtofautisha na ndugu yake wa viazi vitamu, ambaye pete zake za tumboni ni za pinki. Na mgongoni, fuvu. Macho mawili, taya, kila kitu. Nilimpima kwa futi kamba ya mlinzi: sentimita 12, bawa hadi bawa.

Nikamshika. Akalia!

Sikutarajia. Mlio wa panya aliyebanwa mlangoni. Nikamwachia, na mlinzi akarudi nyuma hatua tatu na kukataa kabisa kurudishiwa futi yake. Hakuna uchawi: huvuta hewa na kuipuliza kupitia mdomo wake, mrija mfupi, mgumu, anaotobolea masega. Ni mwizi wa asali. Huingia mzingani usiku akiwa na harufu inayofanana na ya nyuki wenyewe. Nilimweleza mlinzi hayo yote. Akaniuliza kama mlango wa chumba changu unafunga vizuri.

Kitaalamu anaitwa Acherontia atropos. Linnaeus wa Sweden ndiye aliyempa hilo jina la atropos mwaka 1758, la mungu wa Kigiriki anayekata uzi wa uhai. Yumo karibu Afrika nzima, na kila mwaka wapo wanaovuka bahari hadi Ulaya. Kiwavi wake hula viazi, tumbaku, biringanya, nyanya.

Nyanya. Nimezaliwa Ilula, Iringa, kwenye mashamba ya nyanya. Tulipokuwa wadogo tulitumwa shambani kutoa viwavi vinene vya manjano au kijani, vyenye mistari ya mshazari ubavuni na pembe iliyopinda mkiani. Ukikigusa hugonganisha taya, tik, tik, tik, na dada yangu alikuwa akikimbia hadi barabarani. Tuliviponda kwa mawe.

Nikampigia mama nikiwa ndani ya basi, debe la viazi miguuni, konda ameshalitoza nauli kama mtu mzima.

"Wa pembe? Nimemponda mmoja leo asubuhi," akasema. "Sasa umelala huko siku mbili kwa ajili yake? Viazi je, umeleta?"