Charsadda, jimbo la Wali Khan

Mimi kazi yangu ni chai, niko Mombasa, na mtu yeyote wa biashara hii atakwambia Pakistan ndio mteja wetu mkubwa kuliko wote, kwa hivyo ofisi iliponiambia nijiandae niende Peshawar kuonana na wanunuzi sikushangaa. Mambo ya vikao na kuonja chai sitayasimulia hapa. Nataka kusimulia siku niliyopelekwa Charsadda, manake toka nilipotua Peshawar nilikuwa nasikia jina moja la ukoo, hata uwanja wa ndege wenyewe unaitwa Bacha Khan, na kila nikiuliza huyu Bacha Khan ni nani naambiwa habari zake afu baada ya dakika mbili mtu anaanza kunieleza habari za mwanawe, Wali Khan, aliyekuwa mbunge, na hapo ndipo sauti zinapopanda.

Mwenyeji wangu, mfanyabiashara wa chai, kwao ni Charsadda. Akaniambia kama unataka kuelewa siasa za huku twende nyumbani ukaongee na ami yangu, yeye kapiga kura toka uchaguzi wa kwanza. Tukatoka asubuhi, baridi ya Disemba, ukungu mzito hata lori la mbele ulikuwa unaliona taa tu. Ni karibu, kama kilomita 30, lakini njiani kuna mito na madaraja, na pale Sardaryab ukivuka mto Kabul kuna vibanda vya samaki, samaki wa mtoni anapakwa unga wenye pilipili anatupwa kwenye karai la mafuta mbele yako, unampokea kwenye gazeti na mkate wa tanuri. Mimi mtu wa bahari sisifii samaki wa mto hivi hivi, lakini yule nilimla mpaka mifupa.

Ukungu ulipoinuka nikaanza kuona kuta. Kuta za huku ndio magazeti yao ya uchaguzi, zimechorwa taa ya kandili kwa rangi nyekundu, kitabu, na bati la kriketi lililofifia. Wengi wa zamani huko vijijini hawakuwa wanajua kusoma kwa hivyo kila chama kina alama yake kwenye karatasi ya kura. Kandili ni ANP, chama cha ukoo wa Wali Khan. Kitabu ni cha masheikh wa JUI. Bati ni la Imran Khan, mchezaji kriketi aliyekuja kuwa waziri mkuu, na hilo kwenye uchaguzi wa 2024 chama chake kilinyang'anywa, wagombea wao wakaingia kama huru kila mmoja na alama yake. Shikeni hizo alama tatu manake historia nzima ya jimbo hili ni kandili kupigana na kitabu, bati limekuja juzi tu.

Eneo lenyewe linaitwa Hashtnagar na wenyewe ni Wapashtuni wa kabila la Muhammadzai. Ukoo wa Wali Khan ni wa kijiji cha Utmanzai, babu yao Bahram Khan alikuwa na mashamba makubwa, kwa hivyo ni watu wenye mali na heshima toka enzi za Mwingereza. Lakini Bacha Khan, jina lake hasa Abdul Ghaffar Khan, badala ya kukaa akala mashamba, mwaka 1921 akafungua shule pale Utmanzai na mwaka 1929 akaanzisha Khudai Khidmatgar, watu wa mashati mekundu, Wapashtuni walioapa kwamba hawatanyanyua silaha hata wakipigwa. Mtu akikwambia Mpashtuni ni bunduki tu mwambie kuhusu hawa. Ami wa mwenyeji wangu bado anatembea na kofia nyekundu ya chama na alivyoivua kunionyesha ile kofia imepauka pembeni imekuwa kama waridi, akairudisha kichwani haraka.

Tulikaa kwenye hujra yao, ile nyumba ya wageni wanaume, vitanda vya kamba vimezunguka ukuta, chai ya kijani yenye iliki inamiminwa bila kuulizwa, nikaona aibu kidogo kwamba chai yetu nyeusi hapa inanywewa asubuhi tu na maziwa. Mzee alikuwa anaongea Kipashto, mwenyeji wangu anatafsiri, na wajukuu wanaingilia. Na alianza sio na kura, alianza na mwaka 1948.

Ukoo huu ulikuwa na chama cha Congress, kile cha Gandhi, kabla ya uhuru, hawakuutaka mgawanyo wa India, kwa hivyo Pakistan ilipozaliwa wao wakaonekana wasaliti. Serikali ya jimbo kubwa la Frontier, lenye Peshawar na Charsadda, ilikuwa ya baba mkubwa wa Wali Khan, Dr Khan Sahib, ikaondolewa siku chache tu baada ya uhuru, Agosti 1947. Mwaka uliofuata Wali Khan akawekwa ndani, na tarehe 12 Agosti 1948 watu wa mashati mekundu wakaandamana hapo Babrra, hapo hapo Charsadda, polisi wa serikali ya Muslim League, chama kilichoidai Pakistan, wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa mpaka leo wanabishana, serikali ilitaja wachache na wenyeji wanataja mamia. Mzee hakutaja idadi, alinyoosha mkono tu kuelekea upande wa Babrra. Wali Khan alitoka jela 1953. Yaani ndio mwanzo wa maisha yake ya siasa, miaka mitano jela kabla hajasimama kwenye uchaguzi hata mmoja wa nchi nzima.

Na huo uchaguzi nchi yenyewe ilichelewa kuufanya. Ule wa kwanza wa watu wote kupiga kura moja kwa moja ulikuwa Disemba 1970, Wali Khan akiwa na miaka 53. Akashinda Charsadda akaingia bunge la taifa. Chama chake wakati huo, NAP, mtangulizi wa ANP, kilipata viti 6 tu kati ya 300, lakini baada ya Bangladesh kujitenga bunge lililobaki likawa dogo na yeye akawa kiongozi wa upinzani mbele ya mtawala wa nchi, Zulfikar Ali Bhutto. Hapo mzee alikaa sawa kwenye kitanda. Manake kwa viti vile vichache, Wali Khan na masheikh wa JUI walishirikiana wakaunda serikali za majimbo mawili, Frontier na Balochistan, ndio, kandili na kitabu waliwahi kukaa sahani moja. Na mambo yalipoharibika, Bhutto akaifukuza serikali ya Balochistan Februari 1973, ile ya Frontier ikajiuzulu, mwezi uliofuata tarehe 23 Machi mkutano wa upinzani ukapigwa risasi Liaquat Bagh kule Rawalpindi. Watu wa Wali Khan walikufa pale. Akarudi nyumbani na maiti na akawatuliza wafuasi wasilipize. Afu chini ya wiki tatu baadae bunge likapitisha katiba, 10 Aprili 1973, na upinzani wake ukawa ndani ya makubaliano. Mimi hapo niliomba nitafsiriwe mara ya pili. Maiti za Machi, katiba ya Aprili, na mtu yule yule. Hiyo katiba ndio wanayotumia mpaka leo na viraka vyake.

Haikumsaidia yeye. Februari 1975 Hayat Khan Sherpao, mtu mkubwa wa Bhutto jimboni na yeye pia mzaliwa wa wilaya hii hii, aliuliwa kwa bomu Chuo Kikuu cha Peshawar, ikasemwa ni kazi ya NAP, chama kikapigwa marufuku, Wali Khan na wenzake wakashtakiwa uhaini mbele ya mahakama maalum iliyokaa ndani ya jela ya Hyderabad, kule Sindh, mbali na kwao kabisa.

Sasa uchaguzi wa Machi 1977 unakuja na mbunge yuko jela. Nani asimame? Akasimama mkewe, Begum Nasim Wali Khan. Fikiria Charsadda ya wakati ule, mwanamke wa nyumba kubwa hata jina lake halitajwi barazani, akapanda jukwaani na akashinda, mwanamke wa kwanza Frontier nzima kushinda kiti cha kupigiwa kura na watu wote. Mzee alisema watu walimpigia kura wakijua wanampigia mume. Mjukuu mmoja wa kike aliyeleta sahani ya machungwa mlangoni akasema kitu kwa haraka na wote wakacheka, nikaambiwa kasema babu anakosea, walimpigia yeye mwenyewe, manake baada ya hapo aliendelea kuchaguliwa bunge la jimbo mara kadhaa na mumewe akiwa nje. Mimi niko na huyo binti. Bhutto alipopinduliwa Julai 1977 kesi ya Hyderabad ikafa na Wali Khan akatoka.

Mchana tulitoka kidogo kwenda shambani. Disemba ni msimu wa miwa na kila baada ya shamba mbili tatu unaona moshi, wanapika sukari guru. Mashine inakamua, maji ya miwa yanaingia kwenye karai kubwa kama uwanja wa ngoma, chini kuna moto unaolishwa makapi makavu ya miwa yale yale, na kijana mmoja anakoroga na mti mrefu huku anaenguwa povu la kijivu analitupa pembeni. Ikifika rangi ya asali wanaimwaga kwenye beseni pana la mbao, wanaigeuza geuza na mapauro, na kabla haijapoa wanaifinyanga madonge kwa mikono mitupu. Nilipewa donge la moto limetiwa njugu. Yule kijana anayefinyanga viganja vyake vimekuwa vigumu havihisi tena, na ndiye aliyeniambia kwamba yeye ni wa bati, hataki kusikia habari za ukoo wowote, babu zake walilima mashamba ya makhan, wenye ardhi, na yeye bado analima ya watu.

Hili nilirudi nalo hujra, na mzee hakukasirika. Akasema sasa ndio umefika 1990.

Iko hivi. Wali Khan alirudi bungeni Novemba 1988, baada ya utawala wa Jenerali Zia, aliyempindua Bhutto, kwisha, na Januari ya mwaka ule ule baba yake alikuwa amefariki na kuzikwa Jalalabad, Afghanistan. ANP ilikuwa imeundwa 1986 yeye akiwa mwenyekiti. Miaka miwili tu, serikali ya Benazir, binti ya Bhutto, ikafukuzwa, uchaguzi mwingine Oktoba 1990, na safari hii ANP ikaungana na Nawaz Sharif. Nawaz Sharif ni Muslim League. Mzee alinyoosha tena mkono kule kule Babrra. Watu ambao baba zao walipigwa risasi chini ya serikali ya Muslim League wanaambiwa leo hao ndio wenzetu. Upande wa pili kitabu kimemsimamisha Maulana Hassan Jan, sheikh wa hadithi, mtu wa humu humu Charsadda, msafi, asiye na mashamba ya kugombana na mtu. Wali Khan akashindwa. Kwao. Chama chake Frontier nzima kilifanya vizuri tu na kikaingia serikalini, ila mwenye chama akaangushwa na majirani zake.

Na alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Alikuwa na miaka 73, angeweza kutafuta jimbo lingine, angeweza kuomba useneta, mtu wa jina lake asingekosa mlango. Akasema basi. Akaacha siasa za uchaguzi moja kwa moja, na uenyekiti wa chama akamwachia Ajmal Khattak. Hajagombea tena mpaka alipofariki Januari 2006. Ukihesabu, huyu mtu anayetajwa kila kona alishinda kiti cha bunge la taifa mara mbili tu zenye maana, 1970 na 1988, na kati kati ni jela, marufuku na majeshi. Kwa mimi heshima yake haiko kwenye hizo mbili, iko kwenye ile aliyoshindwa akaikubali, kwenye nchi ambayo kila anayeshindwa anasema kaibiwa, na mara nyingi ni kweli kaibiwa.

Amezikwa Wali Bagh, nyumbani kwao hapo Charsadda. Tulipita, tukasoma Fatiha. Na ndipo mwenyeji wangu akanieleza mwisho wa Maulana Hassan Jan, ambao sikuutarajia. Yule sheikh alikuwa anapinga wazi wazi mabomu ya kujitoa mhanga, na Septemba 2007, mwezi wa Ramadhani, watu walimtoa nyumbani kwake Peshawar wakidai aende kufungisha ndoa, wakampiga risasi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, siku za Iddi, mtu wa mabomu akaingia hapo hapo Wali Bagh kumtafuta Asfandyar, mtoto wa Wali Khan, wageni wakiwa wamekuja kupeana mkono wa Iddi. Asfandyar alipona, wengine walikufa. Washindani wa 1990, nyumba zote mbili zikafikiwa na wauaji.

Watoto na wajukuu wameendelea. Asfandyar kawa mbunge, kawa seneta, 2008 akashinda na chama kikachukua serikali ya Frontier na 2010 wakafanikiwa kulibadilisha jina likaitwa Khyber Pakhtunkhwa, jambo walilolipigania miaka. Lakini 2002 alishindwa na sheikh wa kitabu, 2013 sheikh yule yule tena, 2018 akaangushwa na bati. Mwanawe Aimal Wali, Oktoba 2022 akashindwa na Imran Khan mwenyewe kwenye uchaguzi mdogo, 2024 akashindwa tena hapo Charsadda, akaenda kuingia seneti kupitia Balochistan.

Hilo la Balochistan ndilo lililowasha moto kwenye gari tukirudi Peshawar. Ami yake alipanda nasi anakwenda hospitali kesho yake, mpwa wake, yaani mwenyeji wangu, anasema babu yake Aimal alikataa mlango wa pembeni na mjukuu kaingia nao, mzee anasema wakati ule kulikuwa na wenzake wa kuachia na leo chama kimebaki na nani, mpwa anasema ndio matokeo ya kuachia ukoo mmoja miaka sabini. Nikamuuliza mzee uchaguzi ukifanyika kesho utapigia nani. Akaniangalia kama nimemuuliza jina la baba yake, akagonga kofia. Mpwa akasema yeye hajui, labda asipige, na mzee akamkatalia hapo hapo kwa Kipashto, maneno mengi, na hayo hakuna aliyenitafsiria.