Sumu haichagui ukubwa

Nilipofika bwawani saa kumi na moja alfajiri, sato walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Hadi jua linatoka nilishaokota arobaini na saba, tena wale wakubwa niliokuwa nawahesabia ada ya shule.

Jibu nilikuwa nalo tayari: jirani. Jana yake alipulizia nyanya zake dawa, na shamba lake liko juu ya bwawa langu. Nikampigia mjomba, aliyefuga samaki hapa Morogoro tangu sijaolewa. Akanisikiliza weee, kisha akauliza, "Vifaranga nao wamekufa? Kambare je?"

Nikamulika tochi. Vifaranga walikuwa wanazunguka pembeni, kambare wote wazima.

"Basi mwache mtu wa watu. Sumu haichagui ukubwa, mwanangu. Hao wamekosa hewa."

Kambare ana kiungo juu ya matamvua, akizidiwa anapanda kuvuta hewa kama sisi. Sato hana. Anategemea oksijeni iliyoyeyuka majini, nayo ni haba: lita ya maji ya nyuzi joto 30, hata yakishiba hewa, ina miligramu 7.5 hivi.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani ukijani ni neema, nikawa namwaga samadi ya kuku kiroba baada ya kiroba mpaka maji yakawa kama mlenda. Ukijani ule ni mwani, vijimea vidogo vya majini. Mchana unatengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku nao unaivuta, samaki wanavuta, na samadi inayooza chini inavuta. Kunapokaribia kucha ndipo inapobaki kidogo kabisa. Na siku tatu hizo kulikuwa na mawingu tu, kwa hiyo hata ya mchana haikutosha.

Mjomba akaniambia nizamishe mkono wima, kiganja nimekikunja. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, acha samadi. Changu kilipotea maji hayajapita kifundo cha mkono! Nikafungulia maji ya mfereji, nikainua bomba juu ya pipa ili yaanguke kwa kishindo na kubeba hewa. Saa nne waliobaki wakashuka chini.

Jioni jirani akaja kunipa pole na ndoo ya nyanya. Nikampa kambare wawili. Niliyokuwa nimepanga kumwambia alfajiri ile hayajui mpaka leo, ila nyanya zake niliziosha mara tatu.